Nyota mbili kwa chama cha manesi nilichokilipia tangu 2017

Naanza na nyota, maana najua wengi husoma hapo tu: mbili kati ya tano. Moja ni ya bima, nyingine ni ya dada mmoja wa laini ya simu ambaye nitamfikia. Jina la chama silitaji. Bado ni mwanachama, halafu wenzangu walio vyama vingine wamenisimulia ya kwao, na hayana tofauti kubwa na yangu.

Mimi ni nesi, nimesomea KMTC Mombasa, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba Kenya. Huku Uingereza niko kwenye makao ya wazee, mji mdogo wa Midlands, zamu za usiku. Siku yangu ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa kabati la dawa, nesi mmoja mzee wa Jamaica alinivuta pembeni akaniuliza kama nimeingia chama. Nikamwambia bado. Akaniambia nisiguse mgonjwa hadi niingie. Basi nikajaza fomu kwenye simu, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa chumba cha kufulia. Tangu hapo kila tarehe 28 benki hukata pauni kumi na kitu, nimepata mshahara mzuri au mbaya.

Kwa pesa hizo unapewa bima ukikosea kazini ukashtakiwa, laini ya simu ya ushauri, wakili (kama wao wenyewe wanaona kesi yako ina nafasi zaidi ya nusu ya kushinda, na hilo limeandikwa kwa herufi ndogo), na mwakilishi wa kukaa nawe ukiitwa ofisini. Kuna na mafunzo ya mtandaoni. Mafunzo ni mazuri, sina neno. Lakini hakuna anayeingia chama kwa ajili ya mafunzo. Tunaingia kwa sababu ya ile siku ya kuitwa ofisini.

Kwetu siku hiyo ilikuja 2021, na ilikuja na chanjo ya Covid.

Niseme wazi nilikosimama, nisije nikasomwa vingine. Mimi nilichanjwa Januari 2021, mkono wa kushoto, na kesho yake nikalala kama gunia la viazi. Nilipanga foleni kwa hiari. Miezi kumi kabla ya hapo nilikuwa nimefunga macho ya wazee tisa ndani ya wiki tatu, wengine nimewashikia simu masikioni ili watoto wao waage. Uingereza na Wales, wakazi wa makao ya wazee karibu 20,000 walikufa na Covid kati ya Machi na katikati ya Juni 2020. Kwa hiyo na sindano sikuwa na ugomvi. Ugomvi wangu ni na watu ninaowalipa.

Sheria ilipita bungeni Julai 2021. Kuanzia tarehe 11 Novemba, kila afanyaye kazi ndani ya makao ya wazee England awe na dozi mbili: nesi, mpishi, msusi anayekuja Alhamisi, wote. Ili ufike na dozi mbili ilibidi ya kwanza uipate kabla ya kupita tarehe 16 Septemba. Scotland na Wales hawakuwa na sheria hiyo. Hata hapa England, hospitali hazikuguswa mwanzoni. Nesi wa hospitali iliyo maili mbili kutoka kwetu aliendelea na kazi bila kuulizwa, na wagonjwa wake tuliwapokea sisi kwa ambulansi.

Chama kikatuma barua pepe. Kinahimiza kila mwanachama achanjwe, lakini hakikubaliani na kulazimishwa. Sentensi nzuri, mimi mwenyewe ningeiandika hivyo. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Ile ya tatu niliiweka kando ya ya kwanza kwenye meza ya jikoni, nikaona kilichobadilika ni tarehe na picha. Kwetu Pwani huko tunaita kuuma na kupuliza: serikali isikie kwamba tunapinga, waajiri wasikie kwamba tunahimiza, na mwanachama aliyeshika barua ya meneja mkononi asisikie lolote.

Mwenye barua alikuwa nesi mwenzangu wa usiku, Mkongo wa Bukavu. Kiswahili chake na changu hugombana vizuri. Ananiambia mimi nasema kama kitabu, namwambia yeye anasema kama soko. Hakuwa mtu wa porojo za WhatsApp. Alikuwa amepoteza mimba mbili na alikuwa anatafuta ya tatu. Mwanzoni mwa chanjo, washauri wa serikali walisema wajawazito kwa kawaida wasichanjwe. Aprili 2021 wakageuza, wakasema wapewe Pfizer au Moderna. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu, takwimu zilikuwa zimeingia kutoka Marekani. Lakini mtu aliyepoteza mimba mbili hasomi takwimu kama wewe na mimi.

Na sasa tazameni uchekeshaji wa sheria. Mjamzito aliruhusiwa kuomba msamaha wa muda wa kutochanjwa. Anayetafuta mimba, hapana. Kwa hiyo angekuwa na mimba Oktoba angebaki kazini. Kwa kuwa alikuwa anaomba usiku kucha aipate, alifukuzwa. Hili ndilo jambo ambalo mtu wa chama, mtu mwenye akili na kalamu, angelishika akalipeleka mezani. Tulipiga simu. Muziki dakika 40. Tukapewa namba ya kesi na ahadi ya kujibiwa ndani ya siku tano za kazi. Jibu lilikuja siku ya tisa: kiungo cha ile barua pepe ya kwanza.

Kikao chake kiliwekwa Jumatano asubuhi, Oktoba, saa tatu, wakati mimi natoka zamu. Barua ya meneja ilisema anaweza kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwakilishi wetu wa eneo alikuwa mmoja kwa makao kumi na moja, naye ni mtu wa kujitolea, ana zamu zake. Siku mbili kabla alituma ujumbe: hataweza, ila atakuwa kwenye simu.

Basi nikaingia mimi. Sare yangu ina doa la uji wa Mzee wa chumba namba 6, macho yanawasha. Mezani palikuwa na boksi la tishu, jipya, halijafunguliwa, na nilipoliona nikajua uamuzi umeshatolewa. Simu iliwekwa katikati, spika imewashwa. Meneja alisoma. Mwakilishi, sauti inatoka kama amefungiwa ndani ya debe, alisema, "Tumelisikia hilo," mara tatu. Mara ya nne simu ikakata. Meneja, ambaye si mtu mbaya na naye alikuwa na hofu ya leseni yake, alituangalia akauliza kama tunataka kumpigia tena. Mwenzangu akanigeukia, kwa sauti ya chini: "Dada, banasema nini sasa?" Sikuwa na la kumwambia. Nilifungua boksi la tishu.

Jioni ile ndipo tulipompata yule dada wa laini ya simu, mwenye lafudhi ya Liverpool. Nyota nzima nampa yeye. Hakusoma karatasi. Alituambia kwamba kwenda kwenye baraza la kazi, yaani mahakama ya migogoro ya kazi, kulikuwa na muda wa miezi mitatu kasoro siku moja, kwamba lazima kwanza kupitia usuluhishi, kwamba kwa sheria ilivyo uwezekano ni mdogo na asingetudanganya. Kijana wetu mwingine, Mkenya aliyekuja kwa viza ya kazi, alimuuliza kuhusu yeye. Akamweleza bila kuzungusha: ukipoteza mdhamini, yaani mwajiri aliyekuombea viza, kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mwingine au kuondoka. Kijana akaenda kuchanjwa dozi ya pili Ijumaa. Alichanjwa kwa ajili ya viza, akarudi akacheka, lakini wiki nzima hakula nasi chumba cha chai.

Sasa upande wa chama, maana sitaki kuwaonea. Hawangeweza kuitisha mgomo. Sheria ya hapa inataka mgogoro uwe kati yako na mwajiri, na hili lilitoka bungeni. Tena wanachama wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Nawafahamu manesi walioandika kudai kila mtu achanjwe ama atoke, na walikuwa na makaburi yao ya kuonyesha. Hayo nayaelewa. Kisichonielea ni kwa nini kutoweza kugoma kuwe sababu ya kutokuja kwenye kikao.

Tulikuwa watano tulioandika hoja kwa tawi. Hatukuomba chama kipinge chanjo, na nilipigania hilo neno kwa neno, maana wawili kati yetu walitaka. Tuliomba mambo matatu: barua zote ambazo chama kiliiandikia serikali zionyeshwe kwa wanachama, ushauri wa mawakili utolewe wote na usifupishwe, na kila mwanachama anayeitwa kikao cha kuachishwa kazi apate mtu, uso kwa uso au kwa video. Mkutano wa tawi ulikuwa mwisho wa Oktoba, kwenye Zoom. Tulihudhuria kumi na wawili. Akidi haikufika. Mwenyekiti aliomba radhi, akatutakia usiku mwema, na kioo kikawa cheusi huku mwenzangu wa Bukavu bado ameinua kile kimkono cha manjano.

Tarehe 11 Novemba hakuwa kazini tena.

Halafu serikali ikasema hospitali nazo zinafuata: mwisho 1 Aprili 2022, dozi ya kwanza kabla ya kupita tarehe 3 Februari. Loo! Mkutano wa Januari ulikuwa na watu zaidi ya mia. Hoja yetu, ile ile, imebadilishwa maneno mawili, ilipita kwa dakika kumi na tano. Viongozi ambao hatukuwahi kuwaona sura walikuja na slaidi. Mtu mmoja alisema hili ni jambo la dharura. Nilizima maikrofoni, nikasema nilichosema. Wengi wa wanachama wako hospitali, sisi wa makao ya wazee ni wachache na tumetawanyika, nyumba moja hapa, nyingine kule. Ila ada yetu ni sawasawa na yao.

Mwezi ule ule dada yangu alinipigia kutoka Likoni akinicheka. Kenya nayo waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alikuwa ametangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa asihudumiwe ofisi za serikali, na Mahakama Kuu ikasimamisha. "Huko kwenu kwa wazungu hakuna mahakama?" akaniuliza.

Tarehe 31 Januari, siku tatu kabla ya hiyo tarehe ya dozi ya kwanza, waziri wa afya Sajid Javid alisimama bungeni akasema masharti yataondolewa, kwa sababu Omicron, aina mpya ya kirusi cha Covid, ni nyepesi kuliko zilizotangulia. Tarehe 15 Machi yakafutwa, hospitali na makao ya wazee pamoja. Chama kilituma barua pepe yenye neno "ushindi" kwenye kichwa. Niliisoma nikiwa kwenye kituo cha basi. Mwenzangu alikuwa ameshamaliza miezi minne kwenye ghala, anapakia viatu. Ndani ya barua hakukuwa na mstari kuhusu waliokwisha kutolewa: warudi vipi, nani awaandikie, miezi yao inahesabiwa wapi.

Kwa nyinyi mnaokuja, na najua mko wengi tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021: ingieni chama. Nasema hivyo pamoja na yote niliyoandika. Bima peke yake inatosha, na ingieni mapema, maana vyama vingi havikusaidii kwa tatizo lililoanza kabla hujajiunga. Ila kabla ya kusaini pigeni simu muulize matatu. Mahali ninapofanya kazi mna wanachama wangapi? Mwakilishi wangu ni nani, na anashika nyumba ngapi? Nikiitwa kikao, anakuja au anapiga?

Mwezi uliopita niliwapigia kuuliza hayo kwa niaba ya kijana mmoja anayekuja kutoka Kilifi. Muziki umebadilishwa. Nilisubiri dakika 31. La kwanza walisema hawawezi kuniambia, la tatu walisema inategemea. La pili walijibu: ni yule yule mmoja, na sasa anashika nyumba kumi na tatu.