Uzoefu wangu na bia za Dogfish Head: uchungu, ndimu nyeusi na zafarani

Kwa aliyezoea laga baridi za nyumbani, glasi ya kwanza ya 90 Minute IPA ya Dogfish Head inashtua (IPA ni aina ya bia yenye uchungu mwingi). Rangi yake ni ya asali iliyokolea, povu lake zito, na kabla hujaiweka mdomoni harufu ya ganda la chungwa na utomvu wa msonobari imeshakufikia. Unaanza kuonja utamu wa kimea, kisha unakuja uchungu unaokaa ulimini hata baada ya kumeza. Shemeji yangu, ambaye amekulia Moshi kama mimi, aliishusha glasi mezani akanigeukia: “Shemeji, hawa wametia msesewa?”

Nilifurahi sana kumsikia akisema hivyo, kwa sababu nami ndicho nilichokuwa nakiwaza. Msesewa ni gome la mti ambalo Wachagga hulitia kwenye mbege. Ndizi mbivu zilizochemshwa huleta utamu, kimea cha ulezi hufanya kazi ya kuchachusha na kuipa pombe mwili, na msesewa huleta uchungu. Mbege isiyo na msesewa wa kutosha hukinaisha baada ya kata moja. Katika bia, kazi hiyo hufanywa na maua ya hopsi. Mtu aliyekua na ladha ya mbege ana pa kuanzia anapokutana na bia kali za Marekani, na hiyo ndiyo sababu naandika haya kwa Kiswahili. Wengi wetu tunaoishi huku Marekani tunazipita bia hizi dukani tukidhani ni mambo ya wenyewe, tunachukua laga ile ile ya siku zote, tunaondoka.

Dogfish Head ilianzishwa mwaka 1995 na Sam Calagione katika mji wa pwani wa Rehoboth Beach, jimbo la Delaware, ikiwa mgahawa unaopika bia yake wenyewe. Delaware haikuwa na biashara ya namna hiyo, na ilibidi sheria ya jimbo ibadilishwe kwanza. Mtambo wao wa mwanzo ulikuwa wa takriban lita 45 kwa upishi mmoja, kiasi ambacho mama muuza pombe wa kijijini hukipika bila kuhangaika. Mwaka 2002 upikaji ulihamia Milton, mji mdogo wa jirani, na ndipo kilipo kiwanda kikubwa leo. Nje yake kuna nyumba ya mti ya vyuma, ndefu kama mita 12, ambayo watoto wetu waliipenda kuliko chochote kingine pale. Kutoka eneo la Washington ni safari ya gari ya zaidi ya saa mbili, unavuka daraja la Ghuba ya Chesapeake, kisha mashamba ya mahindi na soya mpaka unachoka kuyatazama.

Nianze na 60 Minute IPA, maana ndiyo inayopatikana kila mahali na ndiyo mlango mzuri wa kuingilia. Ina kilevi cha asilimia 6, na kipimo chake cha uchungu, kile kinachoandikwa IBU, ni 60. Jina linatokana na jinsi inavyopikwa. Kwa kawaida wapishi wa bia hutia hopsi kwa mafungu: fungu la mwanzo huchemka muda mrefu na kutoa uchungu, la mwisho huingia karibu na kuepua ili harufu isipotee na mvuke. Calagione alitazama kipindi cha mapishi, akamwona mpishi akitia pilipili manga kidogo kidogo kwenye supu tangu mwanzo hadi mwisho, akajiuliza kwa nini hopsi isitiwe vivyo hivyo. Akachukua mchezo wa zamani wa mpira wa Kimarekani wa mezani, ule ambao ubao wake hutikisika kwa umeme, akauegesha juu ya sufuria pamoja na ndoo yenye matundu iliyojaa hopsi. Ubao ukatikisika, hopsi zikawa zinadondoka moja moja. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa 90 Minute mwaka 2001, na 60 Minute ikafuata mwaka 2003. Siku hizi wana mitambo maalumu ya kazi hiyo.

Je, mnywaji anaonja tofauti? Mimi naonja. Uchungu wa 60 Minute hauji kwa kishindo. Unapanda taratibu, unatulia, na katikati yake unapata chungwa na majani mabichi. Naipenda na nyama choma yenye mafuta na kachumbari ya pilipili. 90 Minute, yenye asilimia 9, ni ya kukaa nayo, na kwangu ndiyo bia yao bora kuliko zote. Kimea chake kizito kinaubeba uchungu wote ule bila kuelemewa, kama mbege iliyopikwa na mtu anayejua mkono wake. Kitu kimoja muhimu: hopsi huzeeka vibaya. Tazama tarehe chini ya kopo au kwenye shingo ya chupa kabla ya kulipa. Nimewahi kununua IPA katika duka moja la mtaani ambalo lilikuwa limeziacha rafuni zikipigwa na jua, na harufu yote ilikuwa imekwisha, ukabaki utamu wa kimea peke yake. Ukiona tarehe imepita miezi mingi, chukua kitu kingine.

Sasa nije kwenye bia iliyonifanya niwaheshimu hasa. Mwaka 1957 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifukua kaburi la kifalme huko Gordion, Uturuki, lililodumu kwa takriban miaka 2,700 na ambalo kwa muda mrefu lilihusishwa na Mfalme Midas. Ndani yake kulikuwa na vyombo vingi vya shaba vya karamu, vikiwa bado na masalia makavu ya chakula na kinywaji. Miongo kadhaa baadaye Patrick McGovern, mtaalamu wa kemia ya vitu vya kale katika makumbusho ya chuo hicho, aliyapima masalia yale akakuta alama za zabibu, asali na shayiri kwa pamoja. Kilikuwa kinywaji kimoja kilichochanganya mvinyo, pombe ya asali na bia. Dogfish Head wakakipika upya, wakatia zafarani kwa ajili ya uchungu, wakakiita Midas Touch.

Ina asilimia 9 na rangi ya dhahabu. Puani utapata asali kwanza, halafu zabibu nyeupe. Mdomoni si tamu kama harufu inavyoahidi. Ina ukavu kidogo mwishoni, na zafarani inabaki kwa mbali, kama ile inayobaki baada ya kula pilau ya harusi. Wapo Wamarekani niliowasikia wakiuliza mezani kama hii ni bia kweli. Mimi swali hilo halinisumbui. Sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliyotaka bia iwe shayiri, hopsi na maji tu ilikuwa sheria ya Bavaria. Kwetu nyumbani watu walipika kwa ndizi, ulezi, mtama, mahindi na asali, na wa Iringa wakagema ulanzi kutoka kwenye mianzi, na hakuna aliyewauliza kama ni pombe kweli. Kumwona mpishi wa kisasa akiichukulia pombe ya namna hiyo kwa uzito, akimwita mwanasayansi, akatafuta viungo, akaiuza kwa heshima ile ile anayoipa IPA yake, kulinigusa. Hata yule mzee anayepika wanzuki wa asali kijijini angeinusa glasi hii akajua ameshika nini.

Katika mkondo huo huo wamepika Chateau Jiahu, yenye asali, mchele, zabibu na tunda la hawthorn, kwa kufuata masalia ya vyungu vya miaka 9,000 hivi kutoka kijiji cha kale cha Jiahu huko China. Wakapika pia Ta Henket ya Kimisri, iliyotiwa mkate, maua ya kamomili na makoma, tunda la mkoma ambalo watoto wa pwani yetu hulitafuna. Bia hizi za kale hazipatikani kila wakati. Ukikutana na Midas Touch rafuni, ichukue hapo hapo.

SeaQuench Ale ni habari nyingine kabisa, na kwa mtu anayeishi kwenye joto la kiangazi la huku ndiyo ningemwekea kwenye friji. Ilitoka mwaka 2016, ina asilimia 4.9 tu, na inaunganisha mitindo mitatu ya Kijerumani: Kölsch, Gose yenye chumvi, na Berliner Weisse yenye ugwadu. Humo wametia maji ya ndimu, maganda ya ndimu, chumvi ya bahari, na ndimu nyeusi. Nasisitiza hizo nyeusi. Ni zile ndimu zilizochemshwa kwenye maji ya chumvi zikaanikwa hadi zikakauka, ambazo watu wa Oman na Ghuba hutia kwenye mchuzi na wali wa nyama. Zina uchachu wenye moshi na uchungu kidogo ambao ndimu mbichi haina. Bila hizo, bia hii ingekuwa maji ya ndimu yenye povu. Kwa kuwamo kwake, uchachu unapata kina, na chumvi inauzungusha kinywani. Nimeinywa na samaki wa kukaanga, nimeinywa na mihogo ya kuchoma yenye pilipili, na kila mara nilitaka nyingine. Mwenye vidonda vya tumbo aiache, uchachu wake ni wa kweli.

Hapo ndipo ninapowapimia watu hawa. Kutia kitu kigeni kwenye bia ni rahisi, kila kiwanda kidogo siku hizi kinatia embe, kahawa, biskuti na pilipili. Ninachoangalia ni kama hicho kitu kina kazi. Ndimu nyeusi ina kazi, zafarani ina kazi, hata ile hopsi inayodondoka kwa dakika 90 ina kazi. Punkin Ale yao ya majira ya vuli, yenye boga, sukari ya kahawia, mdalasini, kungumanga na allspice, imepikwa vizuri na ina historia, maana mapishi yake yalishindanishwa mwaka 1994, kabla kiwanda hakijafunguliwa. Lakini kwangu viungo vinaongea kuliko bia. Mke wangu anaipenda, hasa na maandazi, na tumekubaliana kutokukubaliana.

Palo Santo Marron inahitaji jioni ya baridi. Ni bia nyeusi ya asilimia 12 iliyolazwa kwenye pipa la mbao lenye ujazo wa takriban lita 38,000, lililoundwa kwa mti wa palo santo kutoka Paraguay, mti mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini. Mapipa ya mwaloni nimeyaonja kwenye pombe nyingine, hutoa vanila iliyo laini. Mti huu unatoa vanila pia, lakini pamoja na sukari iliyoungua, tende, na ukakasi mwembamba wa mbao yenyewe unaozuia utamu usizidi. Iache glasi ipoteze baridi ya friji kabla ya kunywa, ikiwa baridi sana mbao haisikiki. Shemeji, ambaye hapendi bia nyeusi, aliomba kuonja yangu na hakuirudisha.

Kuhusu 120 Minute IPA: inazungumzwa sana kwa sababu ya nguvu zake, kati ya asilimia 15 na 20 kutegemea toleo. Huchemshwa na hopsi kwa saa mbili mfululizo, kisha hulazwa tena na hopsi kwa muda mrefu. Nimeionja ikiwa mpya na nimeionja ikiwa imekaa. Ikiwa mpya, kilevi kinachoma koo na utamu ni mzito mno kwa ulimi wangu. Ikikaa mwaka au zaidi mahali penye giza na ubaridi, hopsi hutulia na unapata kitu kinachokaribia asali na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Hata hivyo, kwa fedha zile naona chupa nne za 90 Minute zina furaha kubwa zaidi.

Mwaka 2019 Dogfish Head iliungana na Boston Beer Company, wapikaji wa bia ya Samuel Adams, kwa makubaliano ya takriban dola milioni 300. Wako waliohofia kwamba ladha itapungua. Mimi 90 Minute ninayokunywa leo bado naiona ni ile ile, na SeaQuench sasa naikuta hata katika maduka ambayo zamani hayakuwa nayo, jambo ambalo kwangu ni faida tupu.

Kama unaanza, usianze na zile kali. Chukua SeaQuench kwanza, halafu 60 Minute, na ukishauzoea uchungu uje 90 Minute ukiwa umekula. Ukienda Milton, omba glasi ndogo ndogo badala ya glasi kubwa, uonje nyingi huku ukinywa maji katikati, na mkubaliane mapema nani atakayeendesha kurudi. Palo Santo na 120 Minute nunua chupa moja moja, zifungue nyumbani na watu wawili watatu, kwa glasi ndogo za mvinyo. Na kama kuna mtu Moshi, Arusha au Nairobi mwenye mtambo mdogo wa bia anasoma hapa: jaribu kupika bia ya shayiri na kimea cha ulezi, uchungu wake utoke kwenye msesewa badala ya hopsi. Mimi niko tayari kununua kreti ya kwanza.