Koili ya mono ya inchi 11 inayolia ikiguswa na umande

Nianze na linaloniuma. Koili, ile sahani ya chini ya mashine ya kutafutia dhahabu, ikiguswa na jani bichi ikalia kama imepita juu ya dhahabu, hiyo haifai kwa kazi. Haijalishi ganda lake linang'aa vipi wala kibandiko chake kimechapwa vizuri kiasi gani. Laki sita zimekwenda kwa kitu kinachoogopa umande!

Ni ya mono, ya duara, inchi 11, nimeinunua kwa ajili ya mashine yangu ya GPX 5000 baada ya koili ya zamani kukatika kebo pale inapoingilia kwenye ganda. Dukani waliipima juu ya meza: sarafu ikapitishwa, mashine ikalia, basi. Msikubali kipimo hicho. Sarafu hewani italiza hata koili iliyooza.

Mono niliitaka kwa makusudi. Ina mzunguko mmoja wa waya unaorusha na kupokea, inasikia chini zaidi ardhini, na chembe ndogo za dhahabu inazisikia vizuri hasa ukingoni, karibu na waya wenyewe. DD ina mizunguko miwili yenye umbo la D iliyopandana katikati. Hiyo ni tulivu kwenye udongo mwekundu wenye vijiwe vyeusi vya chuma, na kwenye GPX 5000 uwezo wa kuruka chuma unafanya kazi ukiwa na DD tu. Kwa hiyo ukizunguka kwenye mahame au makambi ya zamani ya wachimbaji, mono itakuchimbisha misumari kutwa. Lakini kwa machimbo ya Chunya, kwenye vijibonde ambako chembe ziko juu juu, mono ya inchi 8 au 11 ndiyo yenyewe. Inchi 15 na kuendelea ni za kusaka kipande kikubwa kilichozama. Chembe ndogo zinapitwa, na bila mkanda wa begani mkono umekufa kabla ya saa nne asubuhi.

Sasa kasoro yenyewe. Asubuhi majani yakiwa na maji, kila ukipeperusha koili ule mvumo mwembamba wa hedifoni, unaotakiwa kutulia, unapanda na kushuka. Inua koili juu, mbali na ardhi, ishike kwa kiganja: mvumo unapanda. Toa kiganja: unashuka. Niliisawazisha mashine na ardhi upya kwa kupandisha na kushusha koili huku kitufe cha mpini kimebanwa. Nikapunguza usikivu. Nikazima simu, nikaiacha mashine itafute masafa tulivu tena. Wapi! Nikahakikisha swichi ya aina ya koili iko kwenye mono, maana wengi wanaisahau kwenye DD halafu wanailaumu koili. Ilikuwa kwenye mono.

Nikarudi dukani. Jibu nililopewa mbele ya wateja: "Mzee, koili haina shida, mashine yako ndiyo imechoka. Au hujui kuiseti." Nikamwomba muuzaji tuchomeke koili nyingine kwenye mashine ileile, kazi ya dakika mbili, ukweli uonekane. Akakataa, eti plagi itachakaa. Plagi ya pini tano inayofungwa kwa pete ya kuzungusha, ichakae kwa kuchomekwa mara moja! Heri angesema hataki kurudisha pesa, ningemwelewa.

Basi nikalibandua ganda. Kwa ndani koili ya mashine za aina hii inatakiwa ipakwe rangi ya grafaiti, yaani kaboni inayopitisha umeme kidogo, na rangi hiyo iungwe na waya wa kinga unaotoka kwenye kebo. Kazi yake ni kuzuia jani bichi, mkono au ardhi yenye maji visiivuruge koili. Hutumika grafaiti kwa sababu bati au foili nene yenyewe ingeiliza mashine. Kwenye hii, rangi ilikuwepo, lakini waya wa kinga ulikuwa umelazwa tu juu yake, bila kulehemewa wala kugandishwa. Unaugusa kwa kucha unasogea. Isitoshe, waya wa mzunguko haukuzamishwa kwenye gundi ngumu. Ulikuwa umeshikwa na sponji na matone manne ya gundi ya moto, ndiyo maana hata kugonga kisiki kidogo kuliiliza. Waya ukitikisika hata kidogo, mashine inasikia.

Ukienda kununua, nenda na mashine yako, betri imejaa, na mtoke nje ya duka, mbali na nyaya za umeme. Shika koili kwa kiganja pande zote mbili. Igonge kwa kifundo cha kidole ukingoni na katikati. Kunja kebo taratibu pale inapoingilia kwenye ganda na pale kwenye plagi. Mvumo usiyumbe popote. Kisha ndoo ya maji: tumbukiza koili nzima, itoe, ingoje dakika kadhaa, usikilize tena. Mwisho, fukia kipande cha risasi cha robo gramu kwa kina cha urefu wa kidole, pitisha. Ukiwa na mita, pima waya: usomaji uwe mdogo sana, sehemu ya omu moja, na usibadilike ukitikisa kebo. Angalia pia boliti ya kufungia koili kwenye mpini. Iwe ya plastiki, na raba zake mbili ziwepo. Kuna aliyeweka ya chuma, akahangaika wiki nzima.

Na kifuniko cha chini kibandue kila jioni. Mchanga mweusi ukijaa kati yake na koili unaleta milio ya uongo, na hapo utalaumu koili nzima bure.

Haki yake nayo niitaje. Jua likishawaka na majani yakikauka, hii koili inasikia. Ile robo gramu ilisikika wazi, tena kwenye vijiwe vya chuma. Fundi akaugandisha waya wa kinga kwa rangi mpya ya grafaiti, tukaacha mwanya mdogo rangi isifunge duara kamili, kwa sababu ikifunga inaua usikivu. Tukajaza gundi ya kuchanganya, tukaigeuza geuza mapovu yatoke, ikalala usiku mzima. Sasa visiki haivijali. Umande bado unaigusa kidogo, lakini unavumilika. Nilitaka kuandika kwamba kwa bei hii, mwenye fundi wa karibu aichukue tu.

Lakini hapana. Kazi ile ya fundi ilitakiwa ifanywe kiwandani, na waya mmoja uliolazwa bila kushikwa haukuwa bahati mbaya. Mtu aliufunika akijua. Halafu naambiwa sijui kuseti. Nyota moja. Ya pili nitaiongeza siku nitakapoona wameweka ndoo ya maji mlangoni na mteja anaruhusiwa kuchovya koili kabla hajalipa.