Mtetemo wa kilomita 100 kwa saa kwenye gari jipya la umeme, na jibu nililopewa

Kama unataka kununua gari la umeme kwa wale walioniuzia langu, ngoja kwanza unisikilize. Na gari lenyewe sina ugomvi mkubwa. Ugomvi wangu ni na watu.

Mjini halina neno. Kutoka Rongai hadi Upper Hill ni raha tupu, na foleni ya Lang'ata Road hainichoshi tena. Shida ilijitokeza barabara ya Mombasa. Nimeshapita Salama, njia imenyooka, mwendo ukafika 95 hivi, kiti kikaanza kutetemeka. Si usukani, kiti. Kufika 100 mtetemo ukapanda mgongoni, kioo cha katikati kikacheza hadi lori la nyuma yangu likawa halisomeki namba. Nikirudi 85, kimya. Nikitoa mguu kabisa kwenye 100 na kuliacha litembee lenyewe, mtetemo uko palepale. Hilo tu linamtosha fundi makini kujua pa kuanzia: ukitetemeka bila kukanyaga, shaka ya kwanza ni magurudumu, si shafti inayoyazungusha. Na usukani ukitulia, angalia ya nyuma.

Yote hayo niliyaeleza kwenye dawati la huduma. Kijana wa pale hakuandika hata neno moja. Alisema magari ya umeme ndivyo yalivyo, hayana injini, kwa hiyo dereva anasikia kila kitu. Sawa, kelele za tairi utazisikia zaidi. Lakini ukimya hautikisi kioo! Fundi wao akalichukua, akapanda nalo Expressway ya Nairobi, akarudi akasema liko sawa. Expressway, ambako mwisho ni 80, na mimi nimesema shida inaanza 95. Nilipouliza hilo, yule kijana akatabasamu: "Madam, pengine bwana yako aje nimwelezee vizuri."

Pesa nimetoa mimi. Gari lina jina langu. Nimeendesha barabara hiyo ya Mombasa miaka na miaka, mchana na usiku, na mtu anayelipwa kunisikiliza ananiambia nilete mwanamume atafsiriwe gari langu. Nikilikumbuka lile tabasamu damu bado inanichemka.

Niliishia kwa mzee mmoja wa tairi kule Industrial Area. Akaweka gurudumu la nyuma kushoto kwenye mashine ya balansi, ya kupima gurudumu limeelemea wapi na kwa uzito gani, ikasoma gramu 20. Akalizungusha tena bila kugusa chochote, ikasoma 55, na mahali pengine kabisa. Mara nyingine, namba nyingine. "Mama, kuna kitu kinatembea humu ndani." Akaifungua tairi. Tairi nyingi za magari haya hubandikwa sifongo ndani ili kupunguza kelele, na yangu ilikuwa imebanduka karibu nusu, imejikunja upande mmoja, gundi ikining'inia kama kamasi. Gurudumu la gari dogo kwenye 100 huzunguka mara 13 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, gramu 20 tu ukingoni mwa rimu huvuta kwa nguvu ya kilo 3 hivi. Mwendo ukishuka nguvu hiyo hupungua sana, ndiyo maana mjini hutahisi kitu.

Mzee akaitoa sifongo yote, akasafisha, akapiga balansi upya. Safari iliyofuata nilifika Emali kwenye 110, kiti kimetulia tuli. Kelele imeongezeka kidogo upande ule, basi. Hapo nilikuwa tayari kusema nunueni, gari ni zuri, na ni zuri kweli, linashika barabara, linapanda milima ya Salama bila kuhema.

Kisha nikawarudishia sifongo yao. Wakasema kwa kuwa tairi imefunguliwa nje, dhamana yake haipo tena. Yaani walikataa kuitazama, akaitazama mwingine, sasa kosa ni kutazamwa!

Kwa hiyo hapana, siwapendekezi. Nataka tairi mpya ya nyuma kushoto, na nataka kuombwa radhi kwa lile neno. Ukienda kwao hata hivyo, kabla ya kutia sahihi dai mlitoe hadi mpite njia panda ya Machakos, mwendo ufike 100, na muuzaji akae kiti cha nyuma.