Jadelle na Implanon NXT katika huduma za umma

Katika huduma za uzazi wa mpango za umma nchini Kenya na Tanzania, vipandikizi viwili (vijiti vidogo vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono) vimejulikana kwa miaka mingi: Jadelle ya kampuni ya Bayer, yenye vijiti viwili vya homoni ya levonorgestreli vinavyokinga mimba kwa miaka 5, na Implanon NXT, kijiti kimoja cha homoni ya etonogestreli kilichoidhinishwa awali kwa miaka 3. Mwaka 2013, wafadhili walipowahakikishia watengenezaji mauzo makubwa kwa miaka kadhaa, bei ya Jadelle kwa nchi maskini ilishuka kutoka takriban dola 18 hadi dola 8.50, na ya Implanon ikafuata. Kwa kuwa bei hizo zilikaribiana, Jadelle ilikuwa nafuu zaidi kwa kila mwaka wa kinga. Hata hivyo, Implanon NXT huja ikiwa tayari ndani ya kifaa chake cha kuiwekea, jambo linalomrahisishia kazi muuguzi wa zahanati yenye foleni ndefu. Linalonisumbua zaidi ni uondoaji: ununuzi wa kipandikizi chochote usiotengewa fedha za vifaa na wahudumu wa kukiondoa ni pungufu, kwani mwanamke ana haki ya kuondolewa siku yoyote atakayo.