Baridi ya kusi Lamu: nunua nini kwanza, na nini uachane nacho

Mtu wa Limuru akiskia sisi watu wa Lamu twalia baridi acheka mpaka akae chini, na simlaumu, maana Julai usiku huku ni digrii 22, 23 hivi, kwake hiyo ni siku ya kuvaa fulana. Lakini aje alale Mkomani, mtaa wetu wa mji wa kale, usiku mmoja upepo wa kusi ukivuma, mvua imenyesha tangu alasiri, shuka zina unyevu na dirisha halina kioo, halafu tuongee. Shida yetu si digrii, ni nyumba. Hizi nyumba za mawe zilijengwa zitoe joto: dari iko juu, msana, yaani kile chumba kirefu cha mbele, uko wazi kwenye kiwanda (ua wa ndani), upepo waingia huku watokea kule. Wakati wa kaskazi, msimu wa joto, wamuombea dua aliyejenga, ikifika Julai wamuuliza alikuwa akifikiria nini.

Kwa hivyo usinunue kitu cha kupasha nyumba, haipashiki. Pesa yako iende kwenye kuziba upepo na kushika joto la mwili wako mwenyewe. Nimezipanga kuanzia ile iliyonifaa zaidi.

Namba moja, blanketi la manyoya, lile la fliisi, na la mitumba ni sawa kabisa. Langu ni la mia saba na huu ni mwaka wa nne. Watu wengi huenda dukani wakachagua blanketi zito la pamba kwa sababu likiwa mkononi laonekana lina kazi, kumbe pamba yanywa unyevu na hewa yetu msimu huu imejaa maji, usiku wa tatu wajifunika kitu kama kitambaa cha deki. Fliisi haishiki maji, ukiifua asubuhi jua likichungulia kidogo jioni walala nayo. Ukiwa sokoni liinue uliangalie kwenye mwanga, ukiona vitundu vya mwanga katikati basi manyoya yamekwisha, rudisha. Halafu likunje mara mbili utie mkono katikati uhesabu mpaka thelathini, kama kiganja hakijaanza kupata joto si blanketi hilo. Duveti pia lina joto sikatai, lakini likilowa ni siku mbili tatu kukauka, na Julai hizo siku mbili za jua utazitoa wapi?

Namba mbili ni ya kulalia, na hapa ndipo wengi twakosea, twanunua blanketi la pili la kujifunika na baridi yatoka chini! Kama walala kitanda cha kamba, au godoro lako limekuwa kama chapati, upepo wapita chini ya kitanda na mgongo ndio unaoumia. Nyanya yangu alikuwa akitandika mkeka juu ya kamba, kisha blanketi kuukuu, ndipo godoro, nasi twamuona mtu wa zamani tu. Nilipojaribu mwenyewe nililala mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta sijajigeuza. Mkeka wa ukindu nunua uliosukwa ukakazwa, usiopitisha kidole, na ule wa plastiki wafaa pia, hauoti koga.

Tatu, pazia zito. Si jambo geni, nyumba za zamani hapa watu walitundika pazia baina ya msana na msana, sisi ndio tuliotoa tukaweka kale kapazia kepesi ka urembo. Chukua kitambaa kinene, kifike chini kabisa, umwambie fundi aache pindo pana halafu tia humo vijiwe au nati za chuma ushone, la sivyo upepo utalipeperusha usiku kucha kama tanga. Kwa watu wa Malindi wenye nyumba za makuti, pale kati ya ukuta na paa ndipo baridi yaingilia, turubai upande wa kusi peke yake latosha. Usizibe pande zote, ukiziba kote utaamka na koga ukutani na kifua kimebana.

Nne, chupa ya mpira ya maji moto. Yauzwa famasi nyingi, rahisi, wazee waipenda sana. Usitie maji yanayochemka, yaache yatulie kidogo, toa hewa, funga, uifunge na leso uiweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Mpira ukiona umeanza kupasuka-pasuka shingoni tupa.

Sweta na soksi sina la kusema, mitumba imejaa.

Shawa ya umeme: ni anasa lakini si gharama kama watu wanavyodhani, ya wati 5,000 ukioga dakika tano haifiki hata nusu uniti. Ila maji yetu mengi ya kisima yana chumvi, kwa hivyo uliza ile ya maji ya chumvi, ya kawaida itakuharibikia upesi. Na fundi aweke waya mnene na wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, usimruhusu aunganishe kwenye waya wa taa.

Ya mwisho kabisa ni hita. Nilinunua, wati 2,000, nikabebesha punda mpaka mlangoni kama bwana harusi. Saa moja uniti mbili. Masaa matatu kila usiku kwa mwezi ni uniti 180, kwa bei ya umeme ya sasa ni zaidi ya elfu nne, na joto lote lapanda juu kwenye boriti, walioota ni mijusi kafiri, mimi niko chini na soksi. Ikiwa una chumba kidogo chenye siling bodi na madirisha ya vioo, labda.

Na jiko la makaa usilifanye hita, hata kama lishanunuliwa liko hapo. Makaa yatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, waskia usingizi tu mzuri na huamki, na chumba ulichokiziba upepo ndicho kibaya zaidi. Likishapika lipelekwe nje kiwandani kwanza, ndipo ushushe pazia.