Makro (programu fupi ndani ya Excel) ya kutoa grafu zote kama picha, huu ndo uzoefu wangu

Jamani kama unaandaa ripoti za kila mwezi kwa Excel na bado unakopi grafu moja moja, soma hii. Mimi nashughulika na data za chanjo, zahanati 34, kila moja ina shiti yake na grafu 2, ya walengwa na waliochanjwa, na ya watoto walioanza dozi ya kwanza wakaishia njiani. Kwa hiyo grafu 68 kila mwezi. Nilikuwa nakaa karibu siku nzima nakopi, napesti kama picha, nasevu, mara simu inaita, ukirudi hukumbuki umefika zahanati ya ngapi.

Kilichonishtua ni mwezi ambao nilichanganya grafu za zahanati mbili, ya hawa nikaiweka kwa wale. Kwenye kikao nesi wa zahanati iliyofanya vizuri akaulizwa mbona watoto wako wanapotea, dada wa watu anaangalia ripoti, anaangalia rejesta yake, hana la kujibu. Kosa lilikuwa langu na liliniuma mno. Nikarekebisha siku hiyohiyo na nikaanza kutafuta njia ambayo jina la picha linatoka kwenye shiti yenyewe, siyo kichwani kwangu.

Nilianza na ujanja wa kubadilisha faili la xlsx liwe zip kisha kulifungua. Hautakusaidia, ndani picha utakayokuta ni ya logo tu, grafu zimehifadhiwa kama maelezo ya maandishi (XML) na Excel ndo inazichora ukifungua faili. Nikajaribu lugha ya programu ya Python, maktaba yake ya mafaili ya Excel, openpyxl, inasoma namba vizuri ila haichori picha, inabidi uchore upya kwa matplotlib, maktaba nyingine ya kuchora grafu. Picha zake ni kali kweli, unaweka dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) unaprinti bila wasiwasi, ila bosi amezoea muonekano wa grafu zetu na sikutaka kuanza mabishano. Na usisevu juu ya faili lako la asili kwa openpyxl, kwangu grafu zilirudi zimebadilika muonekano, bahati nilikuwa na kopi.

Nikaishia kwenye makro ya VBA, lugha ya programu ya Excel yenyewe, mistari kama 15 hivi, inapita kila shiti, inashika kila grafu, inaita Chart.Export, amri ya kusevu grafu kama picha, na jina la faili ni jina la shiti na namba ya grafu. Zote 68 zinaisha hata chai haijapoa.

Ila mwanzo ilinisumbua. Picha nyingi zilitoka nyeupe tupu, nikahangaika jioni nzima, kumbe lazima shiti iwe imefunguliwa na grafu iwe imechaguliwa kabla ya kuitoa, nikaongeza amri mbili za Activate (kuchagua), ya shiti na ya grafu, na nikafuta ule mstari wa ScreenUpdating, wa kuzuia skrini isijichore upya, niliouweka ili iende haraka. Tatizo la pili, nilitaka kutumia kichwa cha grafu kama jina la faili na vichwa vyangu vina 2024/25, Windows haikubali huo mkwaju (/) kwenye jina, basi nikarudi kwenye jina la shiti. Ukubwa nao, picha inatoka kulingana na grafu ilivyo kwenye shiti, kwa hiyo makro inaipanua kwanza iwe na upana wa pointi 720, kwenye laptopu yangu inatoka pikseli 960, ikimaliza inairudisha ilivyokuwa.

Makro nimeiweka kwenye PERSONAL.XLSB, faili la Excel la kuhifadhia makro zako, ili mafaili ya data yabaki xlsx ya kawaida, maana faili lenye makro ukimtumia mtu kwa imeili Excel yake inazuia hizo makro. Ukifanya hivyo andika ActiveWorkbook (faili ulilofungua mbele yako), usiandike ThisWorkbook (faili lenye makro), la sivyo itatafuta grafu ndani ya hilo faili la makro na haitapata kitu.

Mwenzangu anatumia Google Sheets, Apps Script yake (programu fupi za Google) inachukua grafu kwa amri ya getCharts na kuzimwaga Drive kama picha za PNG, nzuri kama bando lipo, ila akaunti yake inakatwa skripti ikizidi dakika 6 hivyo anagawa shiti mara mbili.

Makro yangu naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeibakiza kwa sababu picha tupu bado inatokea siku moja moja, kwa hiyo nikimaliza nafungua folda napanga kwa ukubwa wa faili, zile tupu ni ndogo kuliko wenzake zinakaa pamoja juu, naziona mara moja narudia shiti hizo tu.