PostgreSQL na usasishaji wa jedwali linalojirejelea

Jedwali la wafanyakazi ambamo kila safumlalo hubeba namba ya msimamizi, naye msimamizi huyo yumo humohumo jedwalini, ni kipimo kizuri cha mfumo wowote wa hifadhidata, kwa kuwa amri ya UPDATE (ya kubadilisha data iliyopo) hapo husoma na kuandika mahali pamoja. Kwa kipimo hicho, PostgreSQL inastahili sifa.

Amri moja husoma data kama ilivyokuwa kabla haijaanza. Tuseme umeagiza kwamba ngazi ya kila mtu iwe ngazi ya msimamizi wake kuongeza moja: mkuu wa idara akishuka kutoka ngazi ya 2 hadi ya 3 kwa amri hiyo, walio chini yake watahesabiwa kwa ile 2 ya zamani, na hivyo watajikuta ngazi ya 3 pamoja naye. Wapo wanaoiona hali hii kuwa kasoro; mimi naiona kuwa uadilifu, maana matokeo hayategemei safumlalo ipi imeguswa kwanza. Anayetaka mti mzima upangwe upya kwa mpigo hutumia WITH RECURSIVE, yaani ulizo linalojirudia juu ya matokeo yake lenyewe, iliyopo tangu toleo la 8.4 la mwaka 2009, ambayo huanzia kwa asiye na msimamizi na kushuka tawi kwa tawi, kisha huunganisha matokeo yake na UPDATE kwa kifungu cha FROM.

Namba ya msimamizi ikibadilika, ufunguo wa nje (kiungo kinachodai namba ya msimamizi iwepo jedwalini) ukiwa na agizo la ON UPDATE CASCADE huipeleka namba mpya kwa walio chini yake bila taabu. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya mfumo wa MySQL, hulikataa badiliko la namna hiyo linaporudi kwenye jedwali lilelile, na SQL Server, mfumo wa Microsoft, hairuhusu hata kuutangaza ufunguo wa aina hiyo.

Udhaifu mkubwa wa PostgreSQL uko kwenye mizunguko. Ufunguo wa nje huhakikisha tu kwamba msimamizi yupo. Haumzuii mtu kuwa msimamizi wa bosi wake mwenyewe. Sharti la CHECK, linalopima data kabla haijakubaliwa, huitazama safumlalo moja tu, na kifungu cha CYCLE cha WITH RECURSIVE kilicholetwa na toleo la 14 mwaka 2021 huugundua mzunguko wakati wa kusoma, si wakati wa kuandika. Ulinzi huo lazima uuandike mwenyewe kwa triga (msimbo unaojiendesha data inapobadilishwa), na hata triga hupitwa pale miamala miwili, yaani mafungu mawili ya amri, inapokwenda sambamba bila kuonana, isipokuwa jedwali lifungwe kwanza au miamala yote iendeshwe katika kiwango cha SERIALIZABLE, ambacho huhakikisha matokeo yawe kana kwamba imepita mmoja mmoja.